Kabla ya Kulipia Toleo Jipya: Mwongozo Kamili wa Kupanga, Kuhariri na Kutunza Picha kwa Mpiga Picha wa Kujifurahisha

Mwaka jana shemeji yangu alikuja nyumbani, hapa Chuno, Mtwara mjini, akiwa na kompyuta mpakato ya mtumba, flashi tatu zilizofungwa kwa mpira na swali moja. Programu yake ya kuhariri picha ilikuwa ikimtolea kila asubuhi tangazo la kumtaka alipie toleo jipya. "Shemeji, nilipie au nibaki na hii hii?" Nilimwomba kwanza anionyeshe ile picha ya ngoma ya midimu aliyoipiga Newala, ambayo alikuwa akiisimulia tangu Idi. Alifungua flashi ya kwanza akaichomoa, akafungua ya pili akaichomoa, kisha akaingia kwenye folda iliyoitwa "Mpya", ndani yake akakuta "Mpya 2", na ndani ya hiyo akakuta "Za zamani". Chai ikapoa. Picha haikuonekana jioni ile, na swali la malipo likawa limejijibu lenyewe.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu wa namna yake: anayepiga picha kwa mapenzi, kwa kamera ya kawaida au kwa simu, asiyelipwa kwa kazi hiyo ila pengine mara mojamoja kwenye harusi ya jirani. Utaratibu wake umepangwa kinyume na matangazo ya wauzaji, kwa kuwa tutaanza na mafaili, tufuate na programu, na bei tuiache mwisho. Anayejua picha zake ziko wapi na zimepangwaje anaweza kuhama programu siku yoyote, na anayeweza kuhama ndiye anayeweza kuikataa bei asiyoipenda.

Hatua ya kwanza: kukusanya na kuhesabu

Tenga siku moja ambayo huna safari. Kusanya kila mahali penye picha zako, yaani simu unayotumia, simu ya zamani iliyopasuka kioo, memori kadi zote, flashi, CD za miaka ile, na kompyuta. Tengeneza folda moja yenye jina GHALA kwenye diski yenye nafasi kubwa kuliko zote ulizo nazo, kisha nakili kila kitu humo bila kuchagua na bila kufuta chochote kule kilikotoka. Neno la kuzingatia ni kunakili. Usitumie amri ya kukata na kubandika, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya uhamishaji unaweza kubaki na faili nusu huku na nusu kule.

Ukimaliza, bonyeza folda hiyo kwa kitufe cha kulia uone jumla ya ukubwa wake. Namba hiyo iandike kwenye daftari, kwa sababu ndiyo itakayoamua ukubwa wa diski utakayonunua na kama hifadhi ya bure ya mtandaoni itakutosha. Kwa makadirio, picha moja ya RAW, yaani faili ghafi la kamera kabla halijatengenezwa, kutoka kamera ya megapikseli 24 huwa na ukubwa wa MB 25 hadi 30, kwa hiyo safari moja ya Kilwa Kisiwani yenye picha 300 inaweza kula GB 8 au 9. Picha hiyohiyo ukiihifadhi kama TIFF (aina ya faili kubwa la picha) ya biti 16 hufikia karibu MB 144, na ndiyo maana sishauri mtu ageuze picha zake zote kuwa TIFF eti kwa usalama.

Tahadhari moja kuhusu flashi zilizopita mikononi mwa watu. Niliwahi kupeleka flashi kwenye steshenari moja kuchapisha picha nne, nikarudi nayo nyumbani, nikakuta folda zangu zote zimegeuka kuwa vijialama vya njia ya mkato visivyofungua kitu. Nilidhani zimefutwa. Kumbe kirusi cha aina hiyo huzificha tu folda halisi na kuweka vivuli vyake mbele. Kwenye Windows, baada ya kusafisha kirusi kwa programu ya kinga, fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako, na mafaili yatajitokeza. Tangu siku hiyo, flashi inayokwenda kuchapisha huwa na nakala za kuchapisha peke yake.

Hatua ya pili: saa ya kamera

Hatua hii huonekana ndogo, lakini kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri ndiyo inayoharibu mpangilio kuliko zote. Nilipopata kamera yangu ya kwanza niliiwasha kukiwa kumepambazuka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaingiza 12:30 bila kufikiri. Kamera hutumia saa za kimataifa, kwa hiyo ikaamini kuwa ni mchana, ikawa mbele kwa saa sita kamili. Mchana hapakuwa na shida kubwa, isipokuwa picha za simu na za kamera zilikataa kufuatana. Shida ilikuja jioni. Kila picha iliyopigwa baada ya saa kumi na mbili magharibi kamera iliihesabu kuwa ya siku ya pili, kwa hiyo picha za mkesha wa harusi zikagawanyika katika folda mbili, na bwana harusi akaonekana kana kwamba alifika siku moja baada ya bibi harusi.

Weka saa ya kamera kwa mtindo wa saa 24: saa moja asubuhi ni 07:00, saa moja usiku ni 19:00. Ilinganishe na ya simu, ambayo hujirekebisha yenyewe kutoka kwenye mtandao, na uirudie kila unapobadilisha betri iliyokaa muda mrefu bila chaji. Kama umekwisha kuharibu kama mimi, usihuzunike, kwa sababu digiKam, programu ya bure ya kupanga picha, ina chombo cha kusogeza saa za picha nyingi kwa mkupuo mmoja. Chagua picha zote zilizopigwa na kamera hiyo, punguza saa sita, kisha hakiki picha moja ambayo una uhakika wa wakati wake kabla ya kukubali zilizobaki.

Hatua ya tatu: folda na majina

Mpangilio unaodumu ni ule ambao programu yoyote, hata ile ya kuangalia mafaili inayokuja na kompyuta, inaweza kuusoma. Ndani ya GHALA weka folda za miaka, na ndani ya kila mwaka weka folda ya kila tukio, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha mahali, kisha jambo lenyewe. Kwa mfano 2025-07-12_Kilwa-Kisiwani_msikiti, au 2025-10-25_Masasi_mnada-wa-korosho. Mwaka unatangulia kwa sababu kompyuta hupanga kwa herufi na tarakimu, hivyo ukianza na siku, tarehe 1 ya Januari itakaa jirani na tarehe 1 ya Desemba. Epuka nafasi tupu, mkwaju (/) na alama za kuuliza kwenye majina, kwa sababu baadhi ya mifumo huzikataa.

Usipange folda kwa mada kama "Bahari" au "Familia". Picha ya mama akinunua samaki Shangani ni ya bahari na ni ya familia, na ukiinakili pande zote mbili umeanza tena safari ya "Mpya 2". Mada zina mahali pake, nazo tutazifikia.

Majina ya picha zenyewe yanaweza kubaki kama kamera ilivyoyatoa, mradi ujue kuwa kamera nyingi hurudi mwanzo zikifika 9999, na siku hiyo utakuwa na picha mbili tofauti zenye jina moja. Mimi huongeza tarehe na saa mbele ya namba. Programu zote nitakazozitaja hapa chini za kupanga picha zinaweza kufanya hivyo zenyewe wakati wa kuingiza.

Hatua ya nne: kutoka kwenye kadi hadi kwenye kompyuta

Tumia kisoma kadi badala ya waya wa kamera, kwa sababu waya humaliza betri, na betri ikizimika katikati kadi inaweza kuharibika. Nakili, kisha linganisha idadi: kama kadi ina mafaili 312, folda nayo iwe na 312. Fungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho kwa ukubwa kamili. Kadi usiifute hadi picha ziwe katika sehemu mbili tofauti, na ukifika wakati wa kuifuta, ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Kisha uchague, na uchague bila huruma. Pita mara moja kwa haraka ukiweka nyota moja kwa kila picha inayokusimamisha, pita mara ya pili kwenye zenye nyota tu. Kwenye picha 400 za mnada, 40 zikibaki umefanya vizuri. Zilizotikisika na zilizofumba macho zifute palepale, kwa sababu kila moja unayoibakiza utailipia tena kwenye diski, kwenye nakala yake, na kwenye bando la kuipeleka mtandaoni.

Hatua ya tano: maneno ya kutafutia

Hapa ndipo mada zinapoingia. Programu za kupanga picha hukuruhusu kuambatisha maneno kwenye picha, na maneno hayo yakiandikwa ndani ya faili lenyewe au kwenye faili dogo la maelezo, liitwalo XMP, linalokaa kando yake, yatasomwa na programu nyingine hata miaka kumi baadaye. Lakini si kila programu huyaandika huko bila kuambiwa. Lightroom Classic, programu ya kulipia ya Adobe, huyaweka kwanza katika katalogi yake, yaani daftari lake la ndani, na ni lazima uingie kwenye mipangilio ya katalogi uiamuru iandike mabadiliko kwenye XMP. darktable, ya bure kama digiKam, huandika faili hilo yenyewe tangu mwanzo. Kwenye digiKam, angalia sehemu ya metadata (maelezo ya picha) katika mipangilio na uhakikishe kuwa maneno yanaandikwa kwenye picha. Fanya hivi leo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu katalogi isiyoandika nje ndiyo kamba ambayo muuzaji hukufungia.

Maneno ya Kiswahili yana tabia yake, na miongozo ya wageni haiwezi kukwambia. Lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno, kwa hiyo anayeandika "mvuvi" kwenye picha moja na "wavuvi" kwenye nyingine, halafu akatafuta "mvuvi", atapata nusu tu. Tafuta kwa shina: "vuvi" italeta yote mawili, "tumbwi" italeta mtumbwi na mitumbwi, "toto" italeta mtoto na watoto. Shina likishindikana, kama jiwe na mawe, chagua umbo moja uliandike kwenye daftari. Mimi nimechagua "mawe", kwa sababu yale ya Masasi sijapata kuyaona likiwa moja. Pia usichanganye vyombo vya bahari. Jahazi, mashua, ngalawa, dau na mtumbwi ni vitu vitano, na msomaji wa Mikindani atakucheka ukiandika "boti" kwa vyote.

Maneno matano kwa picha yanatosha: nani au nini, mahali, wilaya, tukio, na hali ya mwanga ukipenda. Majina ya watu yaandike pale tu ambapo wenyewe wasingechukia kuyaona.

Hatua ya sita: kuchagua programu

Kabla ya kutazama za kulipia, jaribu za bure kwa miezi mitatu ya kweli. GIMP ilianza mwaka 1995 kama kazi ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Inafaa kwa kazi ya tabaka, yaani kuweka kitu juu ya kingine, kama kuondoa nguzo ya umeme nyuma ya Boma la Mikindani au kuandika maneno juu ya picha. Kwa mafaili ya RAW kuna RawTherapee na darktable, zote huria na bila malipo. Maoni yangu ni kwamba darktable ina nguvu zaidi lakini humchosha anayeanza, kwa kuwa ina vyumba vingi vinavyofanya karibu kazi ileile. Anza na RawTherapee. Kwa simu, Snapseed ya Google inatosha watu wengi, inafungua hata RAW za aina ya DNG, na haidai shilingi.

Affinity, programu nyingine za kuhariri, nayo imebadilika. Programu yake ya picha ilianza kuuzwa mwaka 2015 kwa malipo ya mara moja, toleo la pili likaja Novemba 2022 na kudai malipo mapya, kisha ikanunuliwa na Canva, kampuni ya usanifu wa mtandaoni, mwaka 2024, na Oktoba 2025 toleo jipya likatolewa bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva, huku baadhi ya zana za akili bandia zikibaki kwa wanaolipia. Nayasimulia haya kwa sababu yanaonyesha jinsi sera ya bei inavyoweza kugeuka mara mbili ndani ya miaka mitatu huku picha zako zikiwa palepale.

Programu zilizovunjwa kufuli, zile zinazouzwa ndani ya flashi kwa bei ya soda, sizishauri. Licha ya kuwa ni wizi, mara nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza ndipo ziingie.

Hatua ya saba: picha moja kwa karibu

Tuchukue picha ya mchota chumvi kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Kamera huona weupe mwingi ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza, matokeo yake chumvi imekuwa ya kijivu na uso wa mtu umekuwa mweusi usiosomeka. Fungua faili la RAW na ufuate mpangilio huu.

Anza na rangi ya mwanga: chagua kitone cha kupimia, gusa chumvi iliyo juani, na rangi ya samawati itaondoka. Kisha pandisha mwangaza wa jumla kwa karibu robo tatu ya kipimo kimoja cha mwanga (EV), ukiangalia histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwanga, usigonge ukuta wa kulia. Chumvi itaanza kuwaka kupita kiasi, kwa hiyo shusha sehemu angavu hadi punje zionekane tena. Baada ya hapo pandisha vivuli kidogo, kiasi cha kuona macho chini ya ukingo wa kofia, na usivuke hapo, kwa sababu vivuli vilivyoinuliwa sana huleta chengachenga na uso hupoteza umbo. Nyoosha upeo wa macho. Kata ukingo wa kushoto kama kuna ndoo iliyojipenyeza. Ukali uongeze mwishoni kabisa.

Ngozi ya mtu iache na rangi yake. Vichujio vya simu vya kung'arisha uso vimetuzoesha kuona wajomba zetu wakiwa na rangi ya biskuti, na mpiga picha anayejiheshimu hana budi kuviacha.

Kazi yote hii haikugusa faili la asili. Programu za RAW huandika maelekezo tu, na picha hutengenezwa upya unapotoa nakala. Kwa anayehariri JPEG, picha ya kawaida iliyobanwa, ndani ya GIMP jambo ni tofauti: kila unapohifadhi upya JPEG juu ya ileile, ubora hupungua kidogo. Hifadhi kazi kama XCF, faili la GIMP yenyewe, na JPEG iwe ya kutoa mara moja mwishoni, kwa jina jipya lenye kiambishi kama _chapa au _simu.

Kwa kuchapisha picha ya sentimita 10 kwa 15, pikseli 1200 kwa 1800 zinatosha. Kwa A4, pikseli 2480 kwa 3508. Chagua mfumo wa rangi uitwao sRGB, kwa sababu mashine nyingi za steshenari hazijui nyingine. Kwa WhatsApp, mtu anayetaka ubora kamili mtumie picha kama hati badala ya kama picha, la sivyo itapunguzwa njiani.

Hatua ya nane: nakala tatu

Kanuni inayojulikana kwa namba 3-2-1, ambayo mpiga picha Peter Krogh aliieneza, inasema uwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani. Kwa mazingira yetu ninaitafsiri hivi: nakala ya kazi kwenye kompyuta, nakala ya pili kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu, na nakala ya tatu kwa dada yako aliyeko Masasi au Nachingwea, inayobadilishwa kila unapokwenda kusalimia. Diski inayoachwa imechomekwa muda wote si nakala ya akiba, kwa sababu umeme unaorudi kwa kishindo huweza kuiunguza pamoja na kompyuta.

Unyevu wa pwani ni adui mwingine. Lenzi huota ukungu na viunganishi hushika kutu. Weka diski na kamera kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu kama vile vinavyowekwa ndani ya viatu vipya, na vifuko hivyo vibadilishe au vikaushe kila msimu.

Hifadhi ya mtandaoni inafaa kwa picha bora chache. Google Photos ilikuwa ikipokea picha bila kikomo kwa ubora uliopunguzwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya huhesabiwa katika GB 15 za bure, ambazo barua pepe nayo hula humohumo. Na muda wenyewe si mdogo: GB 100 kwa kasi ya MB 1 kwa sekunde huchukua takriban saa 28 mfululizo, acha gharama ya bando.

Kila baada ya miezi sita, chukua diski ya akiba, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na ufungue picha ishirini za miaka tofauti. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa mimi siihesabu.

Hatua ya tisa: hesabu ya bei

Sasa tunaweza kulijibu tangazo la kila asubuhi. Wauzaji wana njia tatu za kutoza. Ya kwanza ni kuuza leseni mara moja na kukutoza bei ya punguzo unapotaka toleo jipya. Ya pili ni kodi ya mwezi au mwaka, kama ya nyumba. Ya tatu, iliyozuka karibuni, ni leseni ya muda: Photoshop Elements, ndugu mdogo wa Photoshop ya Adobe, iliyokuwa kimbilio la waliochoka na kodi, tangu toleo la 2025 huuzwa kwa matumizi ya miaka mitatu tu. Adobe yenyewe iliacha kuuza matoleo mapya ya kudumu ya Photoshop kuanzia mwaka 2013, CS6 ya 2012 ikawa ya mwisho, na Lightroom 6 ya mwaka 2015 ikawa ya mwisho kwa upande wake. Capture One, programu nyingine ya RAW, bado hutoa njia zote mbili, leseni na kodi.

Chukua dola moja kuwa shilingi 2,500 kwa ajili ya hesabu tu. Mpango wa Adobe wenye Photoshop na Lightroom kwa pamoja huuzwa karibu dola 20 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, baada ya mpango mdogo wenye hifadhi ya mtandaoni ya GB 20 kufungwa kwa wateja wapya Januari 2025. Hiyo ni dola 240 kwa mwaka, yaani shilingi 600,000, na kwa miaka mitano ni milioni tatu. Sasa tuseme programu nyingine inauzwa dola 100 mara moja, na toleo jipya hugharimu dola 60 kwa mteja wa zamani. Ukipanda matoleo mara mbili ndani ya miaka mitano umelipa dola 220, ambazo ni shilingi 550,000. Ukiruka moja, umelipa 400,000. Kumbuka kuwa muuzaji akitoza VAT ya asilimia 18, zile dola 20 zinakuwa 23.60.

Lakini hesabu inayomhusu zaidi mpiga picha wa kujifurahisha ni ya miezi anayofungua programu kweli. Huku kusini mvua huanza karibu na Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, barabara za vijijini huharibika, na wengi wetu hatutoki na kamera. Ukiitumia programu miezi mitano kati ya kumi na miwili, kodi ya dola 240 imekuwa dola 48 kwa kila mwezi wa kazi, sawa na shilingi 120,000. Kwa fedha hizo za miezi michache unaweza kuibadilishia kompyuta diski yake ya zamani ukaweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, na kasi utakayoipata itazidi ile inayoahidiwa na toleo jipya.

Kabla ya kulipa, jiulize ni kitu gani hasa kinachokuzuia. Ikiwa sababu ni kamera mpya ambayo RAW zake hazifunguki kwenye toleo lako la zamani, Adobe hutoa bure kigeuzi cha kuzifanya ziwe DNG, na programu nyingi za zamani huzisoma hizo. Ikiwa ni zana moja mpya, tafuta kama GIMP haina. Ikiwa ni mfumo wa kompyuta, hesabu na kompyuta yenyewe, kwa sababu Windows 10 iliacha kupokea huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na toleo jipya linalodai Windows 11 linaweza kukulazimisha kununua mashine.

Ukiamua kulipa, soma masharti manne: kama bei ya punguzo ni kwa mwenye toleo linalotangulia tu au hata la nyuma zaidi, kama leseni inaruhusu kompyuta mbili, kama malipo hujirudia yenyewe, na kama "kwa mwezi" maana yake ni mwezi kweli. Mkataba wa mwaka unaolipwa kidogokidogo kila mwezi huwa na adhabu ya kuuvunja katikati, na wengi hugundua siku wanapotaka kuondoka. Kwa malipo tumia kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma ya pesa kwenye simu, uweke humo kiasi cha malipo hayo tu. Novemba wauzaji wengi hupunguza bei, na kwa bahati njema huo ndio wakati fedha za korosho zinapokuwa mikononi.

Hatua ya kumi: siku ya kuhama

Usihame siku yenye kazi ya mtu. Nakili kwanza katalogi ya zamani na uiweke kando, kwa sababu toleo jipya likishaigeuza, la zamani haliwezi kuisoma tena. Sakinisha jipya bila kuondoa la zamani. Chagua picha ishirini za namna mbalimbali, RAW, JPEG na za simu, uone kama nyota, maneno na mipaka ya kukata vimehamia salama. Marekebisho ya rangi hayahami kati ya programu za kampuni tofauti hata kama XMP ipo, kwa hiyo zile picha mia mbili au tatu unazozipenda kuliko zote zitolee kwanza JPEG za ubora wa juu, uziweke katika folda iitwayo _tayari ndani ya kila tukio.

Anayeacha kodi ya Lightroom Classic hatafungiwa mlango kabisa: programu huendelea kufunguka, picha huonekana na nakala hutoka, ila chumba cha kuhariri ndicho hufungwa. Hata hivyo, toa nakala hizo ukiwa bado umelipia. Toleo la zamani liache kwenye kompyuta kwa mwezi mzima, na mafaili yake ya kusakinisha pamoja na namba ya leseni yaweke kwenye diski ya akiba, katika folda ambayo jina lake halianzi na "Mpya".